Sasa unabatizwa kwa ajili ya nani?

Mimi mwenzenu niko salama salimini hapa Makurunge, ila moyo unanidunda kama ngoma ya mdundiko. Wiki hii siongelei nguo, wala mapishi, wala dawa ya mwanaume mwenye mkono wa birika. Nataka niwaambie jambo langu mwenyewe, na naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Nimeanza mafundisho ya dini. Ndiyo, yale yale ya kubatizwa Katoliki, na umri wangu huu wa miaka 26! Tuko saba kwenye darasa la watu wazima, tunakaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa la kigango, kila mtu na daftari lake. Na tangu habari zivuje mtaani, swali ni moja tu, kuanzia kwa muuza vitumbua mpaka kwa vijana wa bodaboda: "Amekupata nani huko?"

Ndugu zangu, swali hilo linauma kwa sababu mwanzoni lilikuwa na jibu.

Ngoja nianze mbali kidogo. Baba yangu alikuwa Mwislamu, Mkwere wa huku huku Bagamoyo. Mama ni mtu wa bara, mlokole ambaye kila akihama mtaa anahama na kanisa. Walipozaa wakakubaliana kwamba mtoto akikua atachagua mwenyewe. Bibi mzaa baba hakuwa na habari na makubaliano hayo, akanipeleka chuoni, nikasoma mpaka juzuu ya Amma ikanikaa kichwani. Baba alipofariki mama akanichukua tukaenda Mbagala, na huko nikawa sina mbele wala nyuma kwa mambo ya dini. Idi nakula pilau, Krismasi nakula pilau. Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi Makurunge kumtazama bibi, na mpaka leo niko naye.

Basi bwana, mwaka juzi akatokea kijana mmoja. Jina nalihifadhi. Unajua tangu mashamba ya miwa yaanze huko Razaba, Makurunge imejaa wageni, na yeye alikuja na kazi hizo hizo. Mkatoliki wa ukoo, Misa hakosi. Tukapendana, akanipeleka kwa mama yake, na mama mkwe mtarajiwa akanitazama juu mpaka chini akasema, "Binti mzuri, lakini abatizwe kwanza." Mimi nikajibu "sawa mama" hata hajameza mate. Mapenzi haya!

Nikaenda kwa katekista mbio mbio. Mzee mmoja mpole, ana baiskeli kuukuu na kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikajikausha, nikasema nimejituma mwenyewe. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Kanisa halimlazimishi mchumba kubadili dini, akasema. Mkatoliki anaweza kuoana na asiyebatizwa kwa kibali cha askofu, ndoa ikafungwa na kila mmoja akabaki na dini yake. "Kwa hiyo kama shida yako ni ndoa, mwanangu, huna haja ya kujitesa. Nenda nyumbani ukafikirie."

Akanirudisha! Mimi nilizoea mambo ya mjini, ambako ukisimama mbele ya duka mwenye duka anakushika mkono usiondoke. Huyu ana bidhaa yake, halafu ananiambia nenda kafikirie.

Nikafikiri, lakini kwa akili ya mapenzi, nikarudi nikaanza. Jumapili ya kwanza nilitia aibu ya mwaka. Watu wanapiga magoti, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Wanakaa, ndiyo kwanza napiga magoti. Halafu watu wakajipanga mstari kwenda mbele, na mimi bila hili wala lile nikajiunga, nikadhani ni sadaka. Mama mmoja wa jumuiya akanivuta gauni taratibu, "Wewe bado, mwanangu, hii ni Komunyo." Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Sijafika hata somo la tatu, yule bwana akapata mwingine. Sitaki kueleza zaidi, kidonda hakijakauka. Shoga yangu akaja kunipa pole, akamaliza kwa furaha, "Angalau umepona na hayo mafundisho, sasa unabatizwa kwa ajili ya nani?"

Nikacheka naye. Lakini Jumapili ilipofika nikajikuta napiga pasi gauni. Nikajiuliza, we mwanamke, unakwenda wapi? Sikuwa na jibu, nikaenda hivyo hivyo. Nikakaa nyuma kabisa. Hakuna aliyenijia na maneno ya kunionea huruma. Nilipotoka nikamfuata katekista, nikamwambia, "Mwalimu, sasa sina mchumba." Akafunga baiskeli yake vizuri, akasema, "Haya, sasa ndiyo tunaanza."

Tulipoanza ndipo nikajua kwamba safari hii haina njia ya mkato. Utaratibu wa sasa wa kuwapokea watu wazima ulitolewa Roma mwaka 1972, na una ngazi. Kwanza unauliza maswali tu na kusikiliza. Pili unapokelewa mlangoni mwa kanisa mbele ya watu, padri anakuuliza unaomba nini, nawe unajibu kwamba unaomba imani, kisha unawekewa alama ya msalaba, unakuwa mkatekumeni. Kwaresima ikianza, wanaoonekana wameiva wanateuliwa. Halafu usiku wa mkesha wa Pasaka unapata ubatizo, kipaimara na Komunyo, vyote usiku mmoja. Katikati hapo ni miezi na miezi ya kusoma, kusali na kukaa na wanajumuiya kwenye nyumba zao kila wiki.

Na mjue hiyo ni nafuu. Kardinali Lavigerie, yule Mfaransa aliyeanzisha shirika la White Fathers mwaka 1868, aliagiza watu wafundishwe miaka minne kabla ya maji kuwagusa. Minne! Kidato cha nne kizima! Ila wakati mwingine mambo yalibana. Kule Uganda, Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini, mmoja wao kijana mdogo Kizito, kwa sababu aliona kifo kiko mlangoni. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo.

Nilipokuwa naona haya kukaa darasani na umri huu, katekista akanitajia Mwalimu Nyerere. Alianza kufuata mafundisho akiwa mtoto wa shule kule Musoma, akapita Tabora, akaingia Makerere, na alibatizwa Nyegina Desemba 1943, akiwa na miaka 21. Hapo ndipo akaitwa Julius. Kumbe hata Baba wa Taifa alisubiri! Nikanyoosha mgongo kidogo.

Mwezi uliopita darasa letu zima tulipanda gari tukaenda Bagamoyo mjini, pale Misheni. Vijana wengi wa Dar mnapajua kwa kupiga picha kwenye ule mbuyu, mkimaliza mnakwenda kula pweza. Safari hii nilipatazama kwa jicho lingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na walioishi nao mwanzoni wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto kibao. Ndiyo waliolima na kufundishwa dini hapo. Na tangu Machi 2025 Bagamoyo imekuwa jimbo, ina askofu wake mwenyewe.

Nilikaa chini ya mwembe nikawawaza wale watoto. Mtu umetolewa kwenye mnyororo, kwenu hukujui tena, anayekulisha anakufundisha sala zake. Ungemwambia nini, "ngoja nikafikirie"? Ukafikirie wapi? Mimi nina pa kurudi. Nina nyumba, nina jamvi, nina bibi. Hakuna aliyenifunga. Na hapo ndipo tumbo likanikata, kwa sababu bibi mwenyewe nilikuwa sijamwambia.

Katiba ya nchi hii, ibara ya 19, inampa mtu uhuru wa dini, na uhuru wa kubadili dini vile vile. Nilishaisoma mara tatu. Lakini Katiba haikai na bibi barazani jioni.

Nilimkuta anasuka ukili. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasema, "Bibi, nina neno." Akasema bila kuinua kichwa, "Nalijua. Kila Jumapili wapiga pasi gauni, wadhani mie naona wenda sokoni?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilijiandaa kwa kufukuzwa, hata begi nilishalitoa chini ya kitanda. Bibi hakutukana. Alisuka kidogo, akasema, "Mie nakuuliza moja tu. Siku nikifa, nani atanisomea?"

Jamani! Hilo sikulijibu. Mwanamke yule ndiye aliyenifundisha Alhamdu kwa kunigonga kidole kwenye goti. Alikuwa anajiwekea akiba, na akiba yenyewe mimi. Nikaingia ndani nikalia mpaka mto ukalowa.

Kesho yake nikamwuliza katekista nimwambie nini bibi. Nilidhani atanipa jibu la kushinda mjadala. Akasema, "Kumwombea bibi yako hakuna atakayekukataza. Lakini usimdanganye kwamba ni kitu kile kile. Si kile kile, na yeye analijua hilo kuliko wewe."

Siku mbili bibi aliongea nami mambo ya chumvi na kuni tu. Siku ya tatu, Jumamosi jioni, nikakaa tena karibu yake. Nikamwambia, "Bibi, wajukuu wako wengine watakusomea. Mimi nitapika pilau la hitima, na nitakuombea kwa ninavyojua. Sitakudanganya." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na huko utaitwa nani? Maria?"

"Bakhita," nikasema.

Akasimamisha ukili. "Bakhita? Si Kiarabu hicho? Mwenye bahati!"

Nikamweleza. Alikuwa mtoto wa Darfur kule Sudan, akatekwa akauzwa, na jina hilo la bahati walimpa wateka watu wenyewe. Akauzwa tena na tena mpaka akafikishwa Italia. Huko akaanza mafundisho kwa masista wa Venice, na tajiri wake alipotaka kumrudisha Afrika akakataa kuondoka. Novemba 1889 mahakama ikaamua kuwa ni mtu huru. Januari 1890 akabatizwa, mtu mzima, akaitwa Yosefina. Mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu.

Bibi anazijua habari za utumwa, mtu wa Bagamoyo humsimulii. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo alipokuwa huru ndipo akachagua."

"Ndiyo, bibi."

"Haya." Akaendelea kusuka. Baadaye, mimi nimeshaingia ndani, nikasikia, "Kesho ukitoka huko kwenu, pitia sokoni uniletee dagaa."

Msinielewe vibaya, hakunipa baraka. Baba mdogo mpaka leo hanisemeshi, na salamu yake anaipitisha kwa mtoto. Lakini hilo "huko kwenu" nimelishika. Limeniuma, halafu limenipa nguvu, vyote kwa pamoja.

Sasa Jumapili hii ndiyo nasimama mlangoni kupokelewa. Msimamizi wangu ni yule yule mama aliyenivuta gauni kwenye mstari wa Komunyo. Msimamizi lazima awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, ametimiza miaka 16, na asiwe mzazi wako, na yeye sifa zote anazo. Nimemwomba anivute tena nikikosea. Naogopa nitasahau neno lenyewe, ingawa ni moja tu, imani. Naogopa nitalia. Naogopa pia, nikiwa mkweli, kwamba miezi ijayo nitagundua nilikuwa namkimbia yule bwana tu na siendi popote. Katekista anasema miezi hiyo imewekwa kwa kazi hiyo hiyo, mtu ajijue, na anayeona siyo anaruhusiwa kuondoka.

Wewe dada, na wewe kaka, unayeambiwa ubadili dini wiki hii ili harusi iwe mwezi ujao, iwe kwenda kanisani au msikitini, jiulize lile swali la shoga yangu kabla hujaulizwa. Kama jibu lako ni jina la mtu, basi ngoja kwanza, maana mtu anaweza kuondoka Jumanne, ukabaki na daftari.

Mimi jibu langu bado nalitafuta. Ila pasi nimeshaichoma moto, na gauni liko tayari. Bibi ameuliza kama nitachelewa kurudi, nimemwambia hapana, na dagaa nitakuja nao.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.