Safisha Picha, Usifute Sura

Wahenga walinena, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msomaji mpenzi, methali hii ilinijia likizo iliyopita, nyanya yangu alipopokea picha yake ya ujanani kutoka studio moja mjini. Picha ilikuwa kuukuu, imejaa chengachenga, nasi tuliomba isafishwe kwa kompyuta. Ilirudi ikimetameta. Nyanya akaitazama, akaisogeza dirishani, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huyu ni nani?" Lile kovu la shavuni, alilolipata utotoni alipoangukia jiwe la mafiga, halikuwapo!

Nyumbani wote waliilaumu kompyuta. Mimi nasema kompyuta haina hatia. Anayeiamuru ndiye wa kuulizwa. Hebu tuone kazi hii hufanywaje.

Kwa kompyuta, picha isiyo ya rangi ni nukta nyingi, kila nukta na namba yake, kuanzia 0, yaani nyeusi tititi, hadi 255, yaani nyeupe pepepe. Chenga ni nukta ambazo namba zake zimepotoka. Njia ya kawaida ya kuziondoa ni kuchanganya kila nukta na jirani zake, kama tone la wino linavyosambaa majini. Chenga hutoweka kweli, lakini wino haujui mpaka. Macho, nywele na ukosi wa shati huingiliana, mwishowe unabaki na ukungu mtupu.

Mwaka 1990, Pietro Perona na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, walichapisha dawa yake: mtawanyiko usiolingana pande zote. Hapa nukta humpima jirani kwanza. Tofauti ikiwa ndogo, mlango hufunguliwa wachanganyike. Ikiwa kubwa, hufungwa, kwa kuwa huenda hapo ni ukingo wa kitu.

Mlango ufunguliwe kiasi gani? Mojawapo ya kanuni zao ni hii: gawa tofauti kwa namba iitwayo K, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo. K ikiwa 10, tofauti ya 4 hutoa 0.86, mlango u wazi. Tofauti ya 100 hutoa 0.01, mlango umefungwa ndi! Hesabu tamu, ama sivyo?

Lakini jamani, K huchaguliwa na nani? Na binadamu! Tuseme kovu limetofautiana na shavu kwa 12. K ikiwa 10, mlango hufunguka 0.41 tu. K ikiwa 40, hufunguka 0.92, na hesabu ikirudiwa mara kadhaa, kovu kwaheri. Programu za kusafisha picha ni nyingi na si zote hufuata kanuni hii, ila katika kila moja kuna mtu aliyeamua kipi ni uchafu na kipi ni sura.

Wapo watakaosema, "Kovu ni kitu gani? Picha safi ndiyo bora." Sikubali. Njia hizi hutumika pia kusafisha picha za kitabibu. Je, ufa mwembamba wa mfupa ukifutwa pamoja na chenga, daktari atatibu nini? Na nyanya bila kovu lake ni mgeni kwa wajukuu.

Basi nawaomba wanachama wenzangu, tutakapoingiza picha za zamani za shule kwenye kompyuta, tufanye mambo matatu. Kwanza, tumwulize mwenye picha kipi kisiguswe. Pili, tuandike chini yake kwamba imesafishwa. Tatu, tuhifadhi ile ya asili, chenga zake na yote, kwani usiache mbachao kwa msala upitao.

Nyanya yeye alishaamua. Ile inayometameta imo kabatini. Ya chengachenga ndiyo iliyotundikwa ukutani.