Gololi Ndogo, Hasara Kubwa

Mwaka 2016, Zanzibar ilipoanza kupigwa ramani kwa ndege zisizo na rubani, miongoni mwa waliozirusha walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Lakini kurusha ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kutengeneza, nayo aghalabu tumeipuuza.

Hapa Morogoro Mjini niliwahi kuonyeshwa ndege ya namna hiyo, ya kupigia picha mashamba, imetupwa stoo. “Mota imekufa,” niliambiwa. Nilipoizungusha kwa kidole nilihisi ikikwaruza. Haikuwa imekufa, beringi zake zilikuwa zimechakaa.

Mota hizi hazina brashi za kaboni. Nyaya zimetulia katikati, sumaku huzunguka nje, na kifaa cha elektroniki huupeleka umeme katika nyaya kwa zamu. Hivyo mahali pa kuchakaa kwa msuguano ni pamoja tu: katika beringi, yaani gololi zilizo kati ya pete mbili. Mota yenye alama 900 KV, isipobeba mzigo, huzunguka mara 900 kwa dakika kwa kila volti 1. Kwa betri ya volti 14.8 ni mara 13,320, yaani zaidi ya mara 220 kwa sekunde! Vumbi likipenya humo, mtetemo na joto huongezeka, na mwishowe chombo huweza kuwaangukia watu.

Tiba yake haihitaji kiwanda. Kwanza betri iondolewe, kisha mapanga. Klipu inayoshika mhimili itolewe, kikombe chenye sumaku kivutwe, beringi itolewe na namba yake isomwe. Namba 623, kwa mfano, ni tundu la milimita 3, kipenyo cha nje 10 na unene 4. Beringi mpya inapoingizwa katika kikalio chake sharti isukumwe kwa pete ya nje. Ikisukumwa kwa pete ya ndani, nguvu hupita katika gololi na kuiharibu kabla haijafanya kazi. Wala kunyunyiza mafuta ya kulegeza kutu si tiba, kwani huosha grisi. Kisha mota ijaribiwe bila mapanga.

Wako watakaosema kwamba kununua mota mpya ni rahisi zaidi. Huenda ni kweli huko zinakoundwa. Sisi huziagiza kwa fedha za kigeni, kisha tukazingoja. Tena, anayetupa asichokielewa hatajifunza kamwe kukiunda.

Ndugu walimu, hasa wa mkondo wa amali, kusanyeni mota mbovu, mziweke mezani mbele ya wanafunzi. Mwaka 1967 tuliambiwa kwamba elimu iwe ya kujitegemea. Leo kujitegemea huko kwaweza kuanzia kwenye gololi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.