Mashindano ya magari: shofere wa Mubi anakwama wapi?

Mwenye kupitisha gari kwenye barabara ya Mubi saa ya mvua, nani atamufundisha potopoto? Na vitesi, vijana wanajua gudro ya Kilambo, pale ndege zilikuwa zinatua katikati ya barabara kubeba kasiterite.

Lakini kukimbiza ni kitu kimoja, kushindana ni kingine. Rally inaomba lisansi, kopilote, kaske yenye kukubaliwa, gari yenye kufungwa vyuma ndani, asiransi. Pesa inaisha mbele ya kuanza.

Joginder Singh, mwenye kushinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, alikuwa mekanisiye. Ila Kenya ilikuwa na Safari yake tangu 1953: alianzia nyumbani. Kijana wetu atavuka mupaka, Uganda ao Rwanda. Rwanda yenyewe iliomba Formula 1 mwezi wa 12, 2024. Kinshasa ikaandika barua, mwezi wa 2, 2025, kuomba ikataliwe. Ilikuwa na haki: mwezi uliofuata M23 iliingia Walikale-centre.

Hata rally ndogo inaomba serikali ifunge barabara siku moja. Kwetu, wenye kufunga barabara ni wenye bunduki.