Wimbo Unakuachia Wapi?

Mwezi huu nataka tuongelee kile kitu ambacho karibu kila mtu anakibandika masikioni akiingia jimu. Hivi ule muziki unakusaidia kweli, au unakudanganya tu? Mimi nasema unakudanganya, na uongo wenyewe ni mtamu na una faida. Ila una mwisho wake, na watu wengi hawaujui mwisho huo uko wapi.

Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Leonard Ayres, aliandika kuhusu mashindano ya baiskeli ya siku sita kule New York. Aliona kwamba bendi ikipiga, waendeshaji wanakwenda kasi zaidi; ikinyamaza, mwendo unashuka. Tangu hapo wataalamu hawajaliachia suala hili. Anayejulikana sana ni Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London. Kazi zake na wenzake zinaonyesha kwamba kwenye mazoezi ya wastani, yale ambayo bado unaweza kupiga stori huku unakwenda, muziki unapunguza uchovu unaouhisi kwa kama asilimia 10. Mwili unafanya kazi ileile. Kichwa ndicho kimepata cha kusikiliza badala ya malalamiko ya miguu.

Haya, sasa kaza. Kimbia dakika moja kwa nguvu zote, pumzika, rudia. Ukifika pale pa kuhema, pumzi haitoshi na mapaja yanawaka moto, mwili unapiga kelele kuliko spika yoyote. Hapo wimbo hauwezi tena kukuficha ugumu. Ugumu unauona wote kama ulivyo. Kinachobaki ni kwamba unauchukia kidogo kuliko kama ungekuwa kimya. Kwangu hilo si jambo dogo hata kidogo, maana mtu aliyeyachukia mazoezi Jumatatu, Jumatano humwoni!

Ndiyo maana ile tabia ya kuongeza sauti kadiri unavyochoka naiona ni kuyaumiza masikio bure. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa zinabaki 4 tu, kwa wiki nzima. Ukitoka jimu masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, ujue umeshavuka. Na wewe unayekimbia barabarani hedifoni zimeziba masikio yote mawili, bodaboda utaisikia saa ngapi, shosti?

Kinachofanya kazi kuliko sauti kubwa ni mapigo. Februari 1998 Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000 ndani ya ukumbi, Birmingham, Uingereza, huku wimbo wa Scatman ukipigwa. Na mwaka 2009 kina Karageorghis waliripoti kuwa watu waliotembea kwenye mashine wakifuata mapigo ya wimbo wa kuhamasisha walidumu kwa asilimia 15 zaidi kuliko walipotembea bila muziki.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tunalijua hili bila maabara. Mchakamchaka! Alfajiri, mmoja anaimbisha, darasa zima linaitikia, nyayo zinatua kwa pamoja, na hakuna anayekumbuka kwamba hajanywa chai. Klabu za jogging za Dar wikiendi bado zinaendesha mambo hivyo hivyo, na mjomba mwenye kitambi anamaliza kilomita zake bila kutoa visingizio.

Kwa hiyo hesabu mapigo ya wimbo wako kabla hujauweka kwenye orodha. Bongo Fleva ya mapigo 90 kwa dakika inakupa hatua mbili kwa kila pigo, yaani hatua 180, mwendo unaowafaa wakimbiaji wengi. Singeli inapita mapigo 200. Ni tamu kwenye sherehe, ila ukitaka kuifuata kwa miguu utaanguka.

Na nyie wapenzi mnaogawana hedifoni, sikio moja lako na moja lake, acheni. Ninyi si urefu mmoja, na hatua zenu si moja. Mmoja lazima atakimbia kwa miguu ya mwenzake, halafu ugomvi unaanzia hapo hapo njiani. Nyumbani kwetu tumepanga hivi: siku ya mwendo wa taratibu hedifoni zinabaki mezani, tunaongea, na asiyeweza kumaliza sentensi ndiye anayetuambia tupunguze. Siku ya kuhema kila mtu na nyimbo zake. Tunakutana kwa muuza madafu, na anayetangulia kufika ndiye analipa.