Picha ya Safari Rally: Mwenyewe ni nani?

Tangu Safari Rally irejeshwe katika Mashindano ya Dunia ya magari mwaka 2021, baada ya kuondolewa mwaka 2002, Naivasha imejulikana duniani kupitia picha. Gari likichomoza katika vumbi la Kedong huonekana mitandaoni kabla ya jua kutua. Ni nadra msomaji kujiuliza aliyesimama kando ya njia kuipiga picha hiyo alipata nini.

Kwa mpigapicha wa kujitegemea wa Migori au Homa Bay, swali hilo ni la unga. Mapato yake hutokana na harusi, mazishi na mikutano ya wanasiasa. Kufika Naivasha kupitia Kisii na Kericho ni nauli, malazi na chakula cha siku kadhaa, tena akiwa na kamera ambayo vumbi laini la volkano laweza kuiua. Asipokuwa na kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari na kizibao cha wapigapicha kinachotolewa na waandaaji, atabanwa nyuma ya utepe pamoja na mashabiki, ilhali wenzake wa mashirika makubwa wamekwisha kushika kona nzuri.

Njia hii si ngeni. Marehemu Mohamed Amin aliyapiga picha mashindano haya akiwa bado mwanafunzi Tanganyika, kisha akaanzisha Camerapix mwaka 1963.

Hata hivyo, kinachomkosesha mpigapicha riziki aghalabu si lenzi bali karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mpigapicha haki juu ya picha yake, na haki hiyo hudumu miaka 50. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimeafikiana vinginevyo.

Hapo ndipo penye kinaya. Aliyejigharamia kila senti aweza kuiuza picha yake leo, na kuiuza tena miaka kumi ijayo. Aliyepigiwa simu na mhariri, akaahidiwa malipo kiduchu pasipo kutajwa masharti, huenda ameipoteza hata kabla hajapanda matatu.

Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili picha, na wengi hukimbilia huko wakishaona kazi zao zikitumiwa ovyo. Usajili huo, lakini, haurejeshi haki iliyokwisha kuhamishwa na agizo. Makubaliano ya maandishi, japo ya mistari miwili, hufaa kufanywa kabla ya safari kuanza.