"Lazima kuna kitu"

Mtaje kijiweni mtu aliyekaa mahabusu katika gereza la Segerea miaka mitatu bila kesi yake kusikilizwa, hutamkosa wa kukujibu: "Serikali haimweki mtu ndani bure. Lazima kuna kitu." Mara nyingi msemaji hajawahi kukanyaga Mahakama ya Kisutu.

Angekanyaga, angejionea. Mwendesha mashitaka anasimama: shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Wakili wa utetezi analalamika. Hakimu anamkumbusha kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo wala kutoa dhamana, anapanga tarehe ya wiki mbili mbele, na washitakiwa wanarudishwa kwenye karandinga. Hakuna shahidi aliyesimama. Hicho "kitu", hata hakimu hajakiona.

Mambo yote yako kwenye jina la kosa. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mauaji, uhaini, ugaidi na utakatishaji fedha havina dhamana. Basi anayeamua ulale wapi ni yule anayeandika hati ya mashitaka. Aongeze utakatishaji kwenye tuhuma za kukwepa kodi, umekwisha. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikaa ndani kwa mashitaka ya namna hiyo tangu 2019 hadi Februari 2020. Na hii ni nchi ambayo ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yake inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani.

Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5), kinachozuia dhamana hizo, kinavunja Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sawa, ni halali. Lakini uhalali wa kufuli hauthibitishi kosa la aliyefungiwa.

Waulizeni masheikh wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar. Walifikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 kwa mashitaka ya ugaidi. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashitaka (DPP) akayafuta, wakarudi kwao bila hukumu yoyote. Mwezi uliofuata akakamatwa kiongozi wa upinzani Freeman Mbowe, naye kwa ugaidi. Machi 2022 DPP akafuta tena. Wale wa "lazima kuna kitu" sijawasikia wakieleza kilikwenda wapi. Na kufutiwa kwenyewe si kinga: sheria haimzuii kabisa DPP kukushitaki upya kwa jambo lile lile, na wapo waliokamatwa tena kabla hawajavuka geti la mahakama.

Mtaniambia, je, wauaji waachiwe watambe mitaani? Nani kasema? Hakimu apewe mamlaka ya kumpima kila mshitakiwa peke yake: atatoroka? Atatishia mashahidi? Akiona hatari amnyime dhamana, aandike sababu zake, na mshitakiwa awe na haki ya kuzikatia rufaa.