Uacheni Mwembe Ule Majani Yake

Nyumba ya shangazi yangu, pale Morogoro, ilijengwa mwaka 1986 ikiwa na kipandio kimoja tu mlangoni. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka nilikuwa nakivuka mbio bila kuinua goti. Leo ukienda utakuta vipandio vitatu. Cha pili alikiongeza fundi miaka kadhaa baadaye, kwa saruji. Cha tatu ni jiwe bapa la mtoni ambalo binamu yangu alilisogeza pale baada ya shangazi kuteguka kifundo cha mguu akishuka asubuhi. Ukiinama ukatazama chini ya ukuta, utaona mawe ya msingi yako nje, kama meno yaliyoachwa na ufizi, na mizizi ya mwembe imetokeza juu ya ardhi, imesuguka hadi inang'aa. Nyumba haijapanda hata inchi moja. Uwanja ndio umeshuka, na kilichoushusha ni ufagio.

Shangazi hufagia kila alfajiri. Huinama, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia na ufagio wa chelewa, na huanza mlangoni akirudi kinyumenyume hadi kwenye ua. Hafagii majani peke yake. Kila mkwaruzo huondoka na vumbi, na vumbi hilo ndilo udongo wa juu, ule laini wenye rutuba. Akimaliza, uwanja mzima una michirizi ya nusu duara iliyopangana kama magamba ya samaki. Unapendeza, sitasema uongo. Jioni lile fungu la majani, maganda na vumbi linatiwa kiberiti, na moshi unajaa hadi kwa majirani.

Karibu nchi nzima tunaamini hivyo: uwanja safi ni uwanja mweupe. Jani likidondoka ni uchafu, nyasi ikiota ni uvivu, na mwanamke ambaye uwanja wake una majani saa mbili asubuhi ana maelezo ya kutoa. Nasema imani hii ni potofu, inatuharibia ardhi, na tunawarithisha watoto wetu tukidhani tunawafundisha usafi.

Tufuate kwanza udongo unakokwenda. Masika yanapoanza, tone la mvua likiangukia jani kavu huvunjika nguvu, likateremka taratibu na kuzama. Likiangukia ardhi iliyo uchi hupiga kama jiwe dogo: hurusha punje za udongo, na tope jembamba linaziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Mvua ya nusu saa tu, na uwanja umekuwa kama sakafu. Maji hayana pa kuingia, yanatiririka na kila kilicholegezwa na ufagio. Udongo wa shangazi umeingia mtaroni, mtaro ukaupeleka Mto Morogoro, Morogoro ikaukabidhi Ngerengere, na Ngerengere ikaumwaga Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inaunywa. Asili hutumia mamia ya miaka kutengeneza sentimita moja ya udongo wa juu. Sisi, katika umri wa nyumba moja, tumeondoa kimo cha vipandio viwili.

Ukisema hivi mbele za watu, wa kwanza kukujibu atataja mbu. Majani yanaleta mbu, nyasi zinaleta malaria. Tumeyasikia haya darasani, kwenye mikutano ya mtaa, hata kwa watu waliosoma. Lakini mbu hazaliwi kwenye jani. Mbu huzaliwa kwenye maji. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu kule India, watu wamewachunguza wadudu hawa kwa karne nzima na zaidi, na tabia zao zinajulikana. Anofelesi gambiae, mmoja wa wanaoongoza kwa kueneza malaria katika nchi zetu, hupenda kutaga kwenye madimbwi madogo yenye maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua: alama ya tairi, nyayo za ng'ombe, kibonde cha uwanjani baada ya mvua. Katika joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku kumi hivi. Sasa niambie, madimbwi ya namna hiyo yanakaa wapi: kwenye ardhi yenye majani inayofyonza maji, au kwenye uwanja uliofagiliwa na kukanyagwa hadi ukawa mgumu kama kigae?

Na mbu wengine je? Kuleksi, yule anayetulilia masikioni usiku kucha na kueneza matende, anazaliwa kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zile chembe zilielea zikatanda juu, viluwiluwi vikakosa hewa na mbu wazima wakakosa pa kutaga. Mbu walipungua sana. Hapakuhitajika kufyeka nyasi wala kuchoma jani. Aedesi naye, anayeeneza homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anataka makopo, matairi, vifuu vya nazi na ndoo zilizosahauliwa. Nimeingia nyumba ambazo uwanja wake hauna hata unyasi, na nyuma ya jiko kuna tairi la lori limejaa maji tangu Machi. Ni kweli mbu mzima hutafuta kivuli cha kupumzikia, na anaweza kukipata kwenye kichaka. Anakipata pia chini ya kitanda chako. Lakini mahali pa kumkatia kizazi chake ni kwenye maji, na nguvu tunazomalizia kwenye ufagio kila asubuhi zingetosha kumwaga kila kopo na kufukia kila kidimbwi.

Nyoka nalo ni jambo la haki kuliogopa, na sitamdharau mama anayelihofia akiwa na mtoto anayetambaa. Lakini nyoka haji nyumbani kufuata majani. Anafuata panya na vyura, na panya anafuata mahindi yaliyomwagika na makombo. Anapojificha ni kwenye matofali yaliyorundikwa, mabati ya zamani, kuni, na mashimo ya ukuta. Kwa hiyo safisha pale: hatua kadhaa kuzunguka nyumba pawe wazi, na njia ya kwenda chooni pia, ili usiku mtu aone anapokanyaga. Hiyo sehemu ifagie. Ila mwembe ulio hatua ishirini kutoka mlangoni hauna kosa.

Moto ndio unaoniuma zaidi. Jani si kitu kilichokufa kikaisha kazi. Mti umelijenga kwa madini ambayo mizizi yake imeyavuta kutoka chini kabisa, kisha unaliangusha pale pale shinani. Ndicho chakula chake cha mwakani. Tukilichoma, karibu naitrojeni yote inapaa na moshi. Majivu yanayobaki yana madini kiasi, lakini upepo wa kwanza au mvua ya kwanza inayachukua. Kisha Novemba mwenye nyumba huyo huyo anakwenda dukani kununua mfuko wa mbolea, na analalamika kwamba mwembe wake siku hizi unazaa maembe madogo. Na katika fungu lile hakuna majani matupu. Kuna vifungashio vya biskuti, chupa, vipande vya nailoni, na vyote vinaungua pamoja saa kumi na mbili jioni, wakati watoto wako nje na mwenye pumu ndani anafunga madirisha.

Miaka miwili iliyopita nilimwomba shangazi anipe eneo dogo chini ya mwembe, ukubwa wa mkeka, asilifagie wala asilichome. Alinipa kwa huruma, kama mtu anavyompa mtoto kitu cha kuchezea. Baada ya masika ya pili nilikwenda nikachutama, nikafunua kwa mkono. Majani ya juu yalikuwa makavu, yakivunjika kwa kelele. Chini yake yalikuwa ya kahawia na yametoboka, mishipa tu imebaki, kama wavu. Chini zaidi kulikuwa na nyuzi nyeupe za ukungu zimeshika kila kitu pamoja, jongoo wawili, na vijidudu vidogo vilivyokimbia mwanga. Na mwisho kabisa udongo mweusi, unaomeguka vidoleni, wenye harufu ile ya mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo mboji. Nilimwaga kopo la lita moja pale, maji yakazama kabla sijalisimamisha kopo. Nikamwaga jingine kwenye uwanja uliofagiliwa, hatua tatu tu kutoka pale. Maji yalitandaa, yakatafuta mteremko, yakanifuata hadi kwenye kandambili.

Katika udongo ule mweusi, kijiko kimoja cha chai kina bakteria wengi mno, mamilioni kwa mamilioni. Charles Darwin, baada ya maisha marefu ya kuchunguza viumbe vya kila aina, kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, alikiandika juu ya nyungunyungu. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila eka hupita kwenye matumbo yao kila mwaka. Mnyoo huyu, ambaye sisi tunamkumbuka tukitaka chambo cha samaki, analima usiku na mchana bila jembe. Anachoomba ni majani ya kula na ubaridi juu ya kichwa chake. Uwanja mweupe unamnyima vyote viwili.

Wala hili si somo la kuletewa na wageni. Nenda Kilimanjaro ukaingie kwenye kihamba: majani ya mgomba na vipande vya shina lake vimelazwa chini ya kahawa, ardhi haionekani, na udongo uko baridi hata jua la mchana. Nenda Mbinga uwaone Wamatengo wanavyolima kwenye miteremko mikali kwa ngoro. Wanafyeka nyasi, wanazilaza zikauke, wanazipanga kwa miraba, wanazifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kunasa maji. Wamelima hivyo kwa vizazi, na milima yao haijateremka bondeni. Maofisa kilimo wetu nao wanasema kila siku: weka matandazo. Tunayaweka shambani, tukirudi nyumbani tunayachoma.

Najua kilicho nyuma ya ufagio, na hapo ndipo ninapotaka kusikilizana na shangazi na wenzake. Siku ya kwanza nilipomweleza haya aliniambia, "Mwanangu, uwanja wenye majani ni uwanja wa nyumba iliyofiwa." Ana hoja. Kwetu uwanja uliofagiliwa unasema humu wamo watu, wameamka salama, wanamtarajia mgeni. Zamani ulisaidia hata kuona nyayo za aliyepita usiku. Mwanamke aliyelelewa akipimwa kwa uwanja wake hawezi kuuacha kwa sababu mpwa wake amesoma makala. Ninachomwomba ni kutenganisha mlango na mti. Pale wageni wanapokaa, pafagiwe, heshima ibaki. Heshima haikuwahi kuhitaji tukwangue hadi chini ya mwembe.

Lakini shuleni sina subira. Shule moja niliyosoma, kila asubuhi tulipanga mstari na fagio zetu, darasa kwa darasa, tukifagia uwanja ambao haukuwa na kitu zaidi ya vumbi. Aliyeacha jani alichapwa. Wasichana ndio waliofagia zaidi, wavulana tulitumwa maji. Miti ya mjohoro iliyopandwa na wanafunzi waliotutangulia ilisimama na mizizi nje, na mmoja ulianguka na upepo nikiwa darasa la sita. Katikati ya uwanja wa mpira palikuwa na korongo ambalo kila masika lilipanuka, tukalifukia kwa mawe, likapanuka tena. Hakuna mwalimu aliyetuuliza korongo lile limetoka wapi. Baadaye nchi ilipoanza kampeni za usafi, ile ya 9 Desemba 2015 na Jumamosi za mwisho wa mwezi zilizofuata, nilifurahi, kwa sababu mitaro yetu ilikuwa imejaa plastiki kweli. Kisha nikaona majani yanazolewa kwenye toroli moja na chupa, yote yakiitwa taka. Chupa itakaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Jani la mwembe linataka misimu miwili ya mvua. Mtoto anaweza kufundishwa tofauti hiyo kwa dakika tano, na kila shule ingeweza kuwa na shimo la mboji badala ya jalala linalofuka moshi.

Mwezi uliopita fundi alikuja kupima kipandio cha nne. Jiwe la mtoni limeanza kucheza, kwa sababu hata chini yake udongo umeondoka. Alisema mifuko miwili ya saruji, ndoo kadhaa za kokoto na siku moja ya kazi. Nilimwomba shangazi tusubiri, tupande kwanza ukoka kando ya msingi, tuone masika itakavyopita. Alinyamaza, akatazama ule mwembe, akaniambia huo nichukue wote, hataufagia tena. Mpera ulio karibu na mlango amekataa.